Gundi Haiumuki

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, binti alipita kwa wazazi wake. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaingia nalo chumbani kwa mama yake. Hapo baba alijua wakati wake wa kutoka umefika. Alichukua kikombe chake cha chai, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

Hakuwa akipeleleza. Nyumba ilikuwa ndogo, na sauti hazina adabu, hupita ukutani bila kupiga hodi.

"Inua mkono, mama."

"Nimeinua."

"Inua zaidi kidogo."

"Mwanangu, huo ndio mwisho wake. Ukitaka zaidi, kaniletee mkono mwingine."

Wote wawili walicheka. Lakini baba alimjua mke wake. Kicheko kile kilikuwa cha mdomoni tu, hakikufika moyoni.

Mtaani walimwita Babu Mkate. Alioka mikate tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea. Tanuri alikuwa ameliacha, lakini tanuri lilikuwa halijamwacha yeye. Hata akikaa bure, vidole vyake vilikanda hewa.

Mke wake alikuwa ameanguka bafuni. Sakafu ya bafu lao ilikuwa ya saruji tupu. Ilikuwa imelika kwa miaka mingi, ina mashimo katikati na utando wa kijani pembeni. Aliteleza, akavunjika nyonga. Hospitalini walimtibu vizuri. Alirudi nyumbani na mkongojo, na kiti cha chuma cha kuogea. Muuguzi alimwambia, "Mama, ukipata sakafu isiyoteleza, na chuma cha kushika ukutani, utaoga mwenyewe bila shida."

Neno hilo mama alilishika kama mtoto anavyoshika ahadi ya peremende.

Siku moja, binti alipokwisha kuondoka, mama alimwita mumewe.

"Baba watoto, nikuambie kitu. Usicheke."

"Sema."

"Yule mtoto nilimwogesha mimi. Nilimpaka sabuni huku analia. Sasa ananipaka sabuni mimi, na mimi kulia siwezi. Simlaumu, ana mikono mizuri. Lakini kila siku akinifungua vifungo, najiona nimepungua."

"Unataka nini, mke wangu?"

"Nataka kuingia bafuni, nifunge mlango, nioge, nitoke. Basi. Sitaki mbingu."

Babu Mkate hakucheka. Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo lilimkosesha raha. Binti alikuwa amemwambia pembeni, "Baba, mwezi huu ukiisha nitamchukua mama akae kwangu. Bafu langu lina sakafu nzuri. Siwezi kuja hapa kila alfajiri, kazini wameanza kunitazama vibaya."

"Na mimi?"

"Kwangu ni chumba na sebule, baba. Wewe utakuwa unakuja kumwona."

Kuja kumwona! Mke wake mwenyewe, kama mgonjwa wa wodini! Babu Mkate alitikisa kichwa. Aliamua kuweka vigae bafuni, sakafuni na ukutani, kabla mwezi haujaisha.

"Mngoje Fundi," mke wake alimshauri.

Fundi alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na kazi yake ilikuwa kuweka vigae. Wakati huo alikuwa safarini, kwenye jengo la mbali.

"Nimngoje mpaka lini? Mimi nimekanda unga maisha yangu yote. Gundi ya vigae ndiyo itanishinda?"

"Fundi wa tanuri si fundi wa sakafu."

"Vyote ni kukanda, mama watoto."

Alikwenda dukani, akanunua vigae vyenye uso wa kukwaruza, ili visiteleze. Akanunua na gundi ya vigae, ile ya unga inayochanganywa na maji. Muuza duka alimuuliza, "Mzee, mwiko wenye meno wa kuchania gundi unao?"

"Meno ninayo mdomoni. Ni machache, lakini yananitosha."

Muuza duka alicheka, akamfungia mzigo wake.

Nyumbani, Babu Mkate alichanganya gundi kwenye ndoo. Alipoigusa, moyo wake ulichangamka. Ilikuwa laini na nzito, kama unga uliokandwa vizuri. Bila hata kufikiri, vidole vyake vilimega donge, vikaliviringisha. Kisha vikamega jingine, sawasawa na la kwanza. Aliweka madonge manne kwenye pembe za kigae, na moja katikati. Akakigeuza, akakibandika, akakikandamiza kwa viganja.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake.

"Mbona umeweka vijidonge? Huko katikati ya donge na donge je?"

"Tulia. Donge ukilipa nafasi, linatanuka lenyewe, linajaza chombo chote. Mimi ndiye mwenye kazi hii."

Mahali palipokuwa na shimo aliweka donge kubwa zaidi, ili kigae kiinuke kilingane na wenzake. Ukutani alifanya vilevile. Alipomaliza, bafu lilipendeza. Vigae vilikaa kwenye mistari, safi kama sahani zilizooshwa.

Alisubiri vikauke. Kisha akafanya jambo ambalo waoka mikate wote hulifanya. Mkate ukitoka tanurini, mwokaji huugeuza na kuugonga chini kwa kidole. Ukitoa sauti ya kitu kitupu, umeiva. Ukitoa sauti fupi na nzito, ndani bado ni mbichi, nao hurudi tanurini. Sikio la Babu Mkate lilikuwa halijawahi kukosea.

Alipiga magoti, akagonga kigae cha kwanza. Ko! Akagonga cha pili. Ko! Cha tatu. Ko! Uso wake ulijaa furaha.

"Mama watoto! Imeiva!"

"Nini imeiva?"

"Sakafu!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hiki sasa kilikuwa kicheko cha moyoni, na Babu Mkate alikisikia mpaka tumboni.

Kulikuwa na kipande kimoja tu kilichomtia wasiwasi. Kilikuwa kidogo, alikikata ili kienee kando ya tundu la maji machafu. Alipokigonga, kilitoa sauti fupi na nzito. Babu Mkate aliguna. "Hiki bado kibichi," alisema. Akakiacha kikauke zaidi.

Siku ya kuoga ilifika. Binti alikuja, akaweka kile kiti cha chuma juu ya vigae vipya. Alimshika mama yake mkono, akamkalisha. Babu Mkate alisimama nje ya mlango, ameshika taulo kama mtu anayengojea bibi harusi.

Alisikia maji yakimwagika. Alisikia mke wake akisema, "Ah, maji ya moto yana utamu wake."

Kisha akasikia mlio, kwaa! Na baada ya hapo, kelele ya binti.

Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umevunja kigae na kuzama. Binti alimdaka mama yake mabegani. Mama hakuanguka, hakuumia. Lakini alikuwa amemng'ang'ania binti yake, na sabuni ilikuwa bado masikioni mwake.

"Nitoeni," alisema. "Nitoeni humu."

Walimrudisha kitandani, wakamfunika. Alijivutia shuka mpaka shingoni. Mwisho alisema, "Ile sakafu chini yake hamna kitu. Nimeisikia inafungua mdomo. Siingii tena mle."

Binti hakumgombeza baba yake. Afadhali angemgombeza. Alimshika bega tu. "Umejitahidi, baba. Mwisho wa mwezi nitakuja na gari."

Alipoondoka, Babu Mkate aliketi ukingoni mwa kitanda. Mke wake alichukua mkono wake, akautazama. Gundi ilikuwa bado kwenye kucha.

"Umejichubua bure," alisema.

"Nilitaka ufunge mlango wako."

"Najua."

"Ukienda, nani atanikosoa?"

"Nitakukosoa kwa simu. Kila jioni."

Walitabasamu wote wawili, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake machoni.

Siku chache baadaye Fundi alirudi kutoka safarini. Hata mzigo hakuufungua. Alisikia habari ya jirani yake, akaja moja kwa moja.

"Hodi humu! Shikamoo baba. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Yupo, amenuna."

"Sijanuna!" mama aliita kutoka chumbani. "Nimeiogopa sakafu ya mume wangu. Hebu kaitazame, mwanangu, uniambie kama mimi ni mwoga au yeye ndiye mwongo."

Fundi aliingia bafuni. Alichukua mpini wa mwiko wake, akaanza kugonga vigae, kimoja baada ya kingine. Ko! Ko! Ko! Kila alipogonga, alikunja uso.

"Baba, chini ya hivi ni patupu."

"Nimesikia. Vimeiva."

Fundi aligeuka. "Vimeiva?"

Babu Mkate alimweleza habari ya mkate na kidole. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini hakumcheka.

"Baba, mkate ni mkate. Mkate unataka hewa ndani yake, ndiyo maana unaugonga na kufurahi. Kigae hakitaki hewa hata kidogo. Debe tupu haliachi kuvuma, na kigae kitupu vilevile. Kikisema ko, kinalalamika kwamba kina njaa."

Alifika kwenye kile kipande kidogo kando ya tundu la maji. Akakigonga. Kikatoa sauti fupi na nzito.

"Haya, hiki hapa ni kizima."

"Hicho?" Babu Mkate alishangaa. "Hicho ndicho kibichi!"

"Hiki ndicho pekee ulichokiweka sawa. Kwa sababu ni kidogo, donge lako lilienea nyuma yake yote. Vingine havikubahatika."

Fundi aliingiza ncha ya tindo chini ya kigae kilichovunjika. Kilitoka bila ubishi. Akakigeuza, akamwonyesha. Madonge yalikuwa palepale Babu Mkate alipoyaweka. Yalikuwa mviringo uleule, yamekauka kama mawe. Kati ya donge na donge hapakuwa na kitu, ila maji machafu yaliyonuka sabuni.

Babu Mkate aliyatazama kwa muda.

"Hayakutanuka," alisema taratibu.

"Hayawezi, baba. Gundi haiumuki. Haina hamira. Unavyoiweka ndivyo inavyokaa. Tazama hapa. Mguu wa kiti ulikanyaga katikati ya madonge. Juu kuna kigae, chini kuna shimo. Kigae hakikujengwa kiwe daraja, kinataka kulala juu ya kitu kigumu, mwili mzima, kama mtu anavyolala kitandani. Ungelala wewe juu ya mawe matano?"

"Na haya maji?"

"Yamepenya kwenye mianya. Kukiwa na uwazi chini, maji hukusanyika, hunuka, na huachanisha hata gundi iliyoshika. Mahali pakavu, kama sebuleni, uwazi mdogo sana unaweza kuvumilika. Bafuni hapana. Bafuni gundi ijae nyuma yote, hasa kwenye pembe na kingo."

Alihamia ukutani. Alishika kigae kimoja kwa vidole, akakivuta. Kikamfuata kama jino bovu.

"Kigae cha ukutani kikianguka, baba, hakiombi radhi. Na kile chuma cha mama kushika, tungekitoboa mahali penye uwazi, kigae kingepasuka papo hapo."

Babu Mkate aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Mabega yake yalishuka.

"Basi na aende kwa binti yake. Mimi nimeshindwa. Ningemuua."

"Baba, nikuambie ukweli? Siyo wewe peke yako. Wapo mafundi wanaoweka madonge hivihivi kwenye majumba makubwa. Ni haraka, na juu kunapendeza. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mwezi haujaisha. Kesho nitakuja. Lakini kuweka utaweka wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwani aliyemwahidi mama ni nani?"

Kutoka chumbani sauti ilijibu, "Ni yeye! Na mimi nitasimamia!"

Kesho yake walianza, kila siku baada ya binti kuondoka, na asubuhi mlango wa bafu walikuwa wanaufunga asijue. Kazi ya kwanza ilikuwa kubandua. Kile kipande kidogo kando ya tundu kilikuwa kigumu kuliko vyote, na kila kilipogoma Fundi alisema, "Umeona kigae kilichoshiba?" Walikwangua madonge yote, wakafagia, wakaosha sakafu. Fundi aliweka ubao mnyoofu sakafuni. Katikati, mwanga ulipita chini yake.

"Hapa kuna bonde. Wewe ulilijaza kwa donge kubwa. Bonde la sakafu halisawazishwi kwa gundi. Kwanza tunasawazisha kwa saruji na mchanga, tunaacha mteremko kuelekea tundu la maji, tunangoja ikauke. Ndipo vigae."

Walifanya hivyo, wakangoja. Mama alihesabu siku kimoyomoyo. Saruji ilipokauka sawasawa, Fundi alirudi na vigae vipya, gundi, na mwiko wenye meno. Mama aliletewa kiti mlangoni, akakaa na mkongojo wake mapajani kama hakimu.

"Changanya kama mfuko unavyosema," Fundi alieleza. "Maji kwanza kwenye ndoo, kisha unga. Koroga mpaka mabuje yaishe. Sasa iache ipumzike kidogo, halafu koroga tena."

"Kumbe nayo hupumzishwa!" Babu Mkate alifurahi. "Kama unga."

"Hapo ndipo undugu wao unapoanza, baba, na hapohapo ndipo unapokwisha."

Mama alicheka. Fundi alimpa mzee mwiko.

"Huu upande laini. Sugua nao gundi sakafuni, kwa nguvu, ishike. Weka ya kutosha vigae viwili vitatu tu. Sasa geuza upande wa meno, uchane."

Babu Mkate alichana. Mkono wake ulizunguka kwa madaha, ukaacha mawimbi mazuri ya duara.

"Hapana, baba. Hatupambi keki."

"Mbona panapendeza?"

"Panapendeza, lakini hewa itanaswa humo ndani, ikose pa kutokea. Mistari inyooke, yote ielekee upande mmoja. Mistari hii ni njia za hewa. Ukisukuma kigae, hewa inatoka, gundi inaingia mahali pake."

Alichana upya, mistari ikanyooka. Alipotaka kuchukua kigae, Fundi alimzuia. Alipitisha kidole nyuma ya kigae, kidole kikatoka cheupe.

"Vumbi hili ni la nini?"

"La kiwandani, nadhani."

"Wewe ukinyunyiza unga mkavu kwenye sinia, unanyunyiza kwa nini?"

"Ili mkate usishike."

Kabla hajafunga mdomo, alielewa. Alichukua kitambaa chenye unyevu, akafuta vumbi lote bila kuambiwa.

"Sasa paka gundi nyembamba nyuma ya kigae chenyewe. Kama unavyopaka siagi kwenye mkate."

"Usimwambie hivyo!" mama alidakia kutoka kwenye kiti. "Huyu? Huyu hupaka siagi katikati tu, pembeni mkate mkavu kama mbao. Ndoa yetu nusura ivunjike kwa ajili ya siagi!"

"Pembeni ni pa kushikia, mama watoto."

"Pembeni ni pa kula!"

Fundi alicheka sana. "Baba, leo paka mpaka pembeni. Paka kama unampakia yeye."

Babu Mkate aliinamisha kichwa. Alipaka taratibu, akafika kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mke wake alimtazama. Safari hii hakutania.

Alikiweka kigae juu ya mistari. Fundi alimwonyesha namna ya kukisukuma mbele na nyuma, kwa kuikata ile mistari, siyo kuifuata. Kisha akakigonga kidogo kwa nyundo ya mpira.

"Vizuri. Sasa kiinue."

"Nikiinue? Nimekiweka sasa hivi!"

"Kiinue, baba. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbia."

Alikiinua, akakigeuza. Upande mmoja gundi ilikuwa imejaa. Upande wa pili mistari ilikuwa bado inaonekana, na pembe moja ilikuwa wazi, upana wa dole gumba.

"Hapo pana njaa," Fundi alisema.

Mama alinyoosha mkongojo, akaigusa ile pembe. "Na hapo ndipo mguu wa kiti changu ungekaa."

Babu Mkate alikwangua gundi, akaanza upya. Alisugua, akachana, akapaka, akasukuma kwa nguvu zaidi. Akakiinua tena. Nyuma ya kigae palikuwa pamejaa pote. Hapakuwa na mstari, hapakuwa na tundu, pembe zote nne zilikuwa zimeshiba.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," Fundi aliitikia. "Hivyo ndivyo. Ongeza gundi kidogo, uchane, ukirudishe. Na kila baada ya vigae kadhaa uinue kimoja utazame. Macho yako yakuambie, usisubiri kiti kikuambie."

Waliendelea hivyo. Mchana, gundi iliyobaki sakafuni ilianza kuota ngozi juu. Babu Mkate alinyoosha mkono kuchukua maji.

"Usiongeze maji!" Fundi alimkataza. "Ukiongeza, inalainika kwa macho tu, nguvu haina tena. Iguse. Kidole kimetoka na gundi?"

"Kimetoka kikavu."

"Basi kwangua, utupe, uweke mpya."

"Nitupe?" Babu Mkate alishika mwiko kwa uchungu. "Mwoka mikate hatupi unga, mwanangu. Nimekua hivyo."

"Tupa, baba watoto," mama alisema kwa upole. "Heri utupe gundi kuliko unitupe mimi."

Aliitupa.

Walimaliza sakafu, kisha ukuta. Waliacha bafu lipumzike bila kukanyagwa. Baadaye walijaza mianya kati ya kigae na kigae kwa saruji yake maalumu, wakaacha tena mpaka ikauke kama mfuko ulivyoelekeza. Fundi alikuja kufunga chuma cha kushika ukutani. Alitoboa polepole, kigae hakikupasuka. Kisha alimkabidhi Babu Mkate mpini wa mwiko.

"Haya, gonga."

Babu Mkate alipiga magoti, akagonga. Sauti ilitoka fupi na nzito. Akagonga kingine, na kingine. Vyote vilisema neno lilelile fupi. Mzee alitingisha kichwa.

"Maisha yangu yote, sauti hii nimeirudisha tanurini. Sikio langu linakataa."

"Sikio nalo litajifunza," Fundi alisema.

Mwisho wa mwezi binti alifika na gari, kama alivyosema. Alikuta mfuko wa nguo za mama umefungwa, akaubeba mpaka kwenye gari. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, ameshika mkongojo.

"Kabla ya safari, nataka nioge."

"Mama, utaoga kwangu."

"Nataka nioge hapa."

Binti alimtazama baba yake. "Nani ameweka vigae hivi?"

"Mimi."

"Tena?"

"Tena. Lakini safari hii nimefundishwa."

Binti alivua viatu, akaingia. Alikagua pembe hadi pembe, akipiga sakafu kwa kisigino. Kisha akaweka kiti cha chuma, akakikalia kwa uzito wake wote. Alikisogeza palipokuwa pamevunjika, akakalia tena, akayumba kushoto na kulia kama mtoto. Alisimama, akashika chuma cha ukutani, akaning'inia nacho. Hakuna kilichocheza.

Alitoka. Mama yake aliingia taratibu, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye chuma. Binti alitaka kumfuata.

"Wewe baki," mama alisema.

Mlango ulifungwa.

Baba na binti walisimama nje, wamekodoa macho kama wanaoweza kuona kupitia mbao. Walisikia kiti kikisogezwa. Walisikia mwili ukikaa. Maji yalimwagika mara ya kwanza, yakakimbilia kwenye tundu. Yalimwagika tena. Mtu alisugua mguu kwa dodoki, bila haraka, akapumzika, akasugua mwingine. Muda ulipita. Kwa ndani palikuwa na utulivu wa mtu aliye peke yake na hana shida na mtu.

Binti hakuweza kuvumilia.

"Mama? Uko salama?"

"Nani huyo mlangoni?"

"Ni mimi. Na baba."

"Watu wazima wawili, mnatafuta nini mlangoni pa bafu? Hamna kazi? Hebu nendeni zenu huko!"

Babu Mkate alimshika binti yake mkono. Machozi yalikuwa yanamshuka mzee, naye hakuyaficha.

"Twende," alimnong'oneza. "Tumefukuzwa."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Alitundika taulo kwenye kitasa cha mlango. Kisha akaenda kwenye gari, akautoa mfuko wa mama yake, akaurudisha chumbani, akaanza kupanga nguo kabatini, moja moja.